Doti Tatu za Kazija

Kazija wa Mchinga alisuka makuti na kuyauza Lindi mjini. Pesa haikukaa nyumbani kwake. Jirani akifiwa au mtoto wa dada akiugua, alishindwa kusema hana ilhali anayo. Kwa hiyo, mwaka wa kumtoa binti yake Siti unyagoni ulipokaribia, alichukua kadi katika duka moja la nguo pale Lindi: kadi ngumu ya manjano, yenye vyumba thelathini. Kila alipouza makuti alilipa shilingi mia mbili, na Yasini, muuzaji, akagonga muhuri katika chumba kimoja.

Doti ya kanga ilikuwa elfu mbili. Kazija alitaka tatu za mchoro mmoja: yake, ya Siti, na ya Maimuna, kungwi wa Siti. Siku ya kutoka, mama, mwali na kungwi hutokea wamefanana, na wanawake wote wa Mchinga huwapo kutazama.

Muhuri wa thelathini uligongwa wiki moja kabla ya siku hiyo. Kazija akachagua kanga nyekundu zenye korosho pindoni. Yasini akateremsha doti mbili, akazifunga.

"Tatu, mwanangu."

"Doti sasa elfu tatu, mama. Zimepanda mwezi uliopita."

Kazija akamweleza taratibu kwamba alianza kulipa zilipokuwa elfu mbili, na kwamba alidhani kila muhuri unamwekea kando kipande cha kanga yake. Yasini alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaigeuza kadi. Nyuma iliandikwa kwamba bei ni ya siku ya kuchukua, na fedha hairudishwi. Kusoma Kazija alijua. Kuigeuza tu ndiko hakukumjia akilini.

Sokoni, tangu bidhaa za nje ziruhusiwe, kanga kama zile ziliuzwa elfu moja na mia tisa. Alizipita asubuhi ileile.

"Basi nirudishie pesa yangu, nikanunue kule."

"Mimi nagonga muhuri tu, mama. Mwenye duka yuko Dar."

Mteja aliyemtangulia alikuwa na noti mkononi, naye alikuwa amepunguziwa mia tatu. Kazija akauliza kama naye angepunguziwa. Dativa wa Rasbura, aliyesubiri nyuma yake na kadi kama hiyo, akacheka kidogo.

"Sisi tumeshalipa, dada. Nani atatubembeleza?"

Kazija akabeba doti mbili. Kungwi hawezi kuaibishwa, na mwali hawezi kutoka na kanga ya zamani. Siku ilipofika alikwenda jikoni, nyuma ya nyumba, akashika mwiko wa pilau ambayo tayari ilikuwa na wapishi wanne.

Ngoma zikalia. Siti akatolewa, ubavuni mwake Maimuna, wote katika kanga nyekundu. Mwali haruhusiwi kuinua macho. Siti aliyainua, akatafuta kulia, akatafuta kushoto, mpaka Maimuna akamwekea mkono shingoni na kumwinamisha polepole.