Ultrasound ya Jino na Flaski ya Uji

Watu wangu, nina miaka hamsini na mbili na leo jirani ameamua nina mimba.

Ngojeni nieleze.

Daktari wa meno aliniwekea skrubu kwenye taya, ya kushika jino jipya. Mfupa ukachelewa kupona. Sasa ananipaka jeli shavuni na kunishikia kamashine ka ultrasound dakika ishirini. Eti ni mawimbi ya sauti, yanasaidia mfupa ushike skrubu.

Mimi sisikii chochote. Kimya tu, kama nyumbani kwangu.

Asubuhi nilikuwa kwa geti nikiongea na simu: "Leo siwezi, naenda ultrasound."

Mama Njeri wa nyumba ya pili akasikia. Huyu hajawahi kuingia kwangu. Tangu zile fujo za Januari baada ya uchaguzi, majirani walipogeukana, hapa mtaani Section 58 tunasalimiana kwa mbali.

Saa kumi jioni, hodi. Ni yeye, na flaski ya uji wa wimbi.

"Kunywa, Mwalimu. Usione haya, Mungu hutoa wakati wake."

Hapo ndipo nilielewa: kwake, ultrasound ni ya kuangalia mimba tu. Shavu bado lilikuwa linanata jeli.

Ningesema ni jino, angecheka, kisha angeenda.

Nikatoa vikombe viwili. Akakaa mpaka giza likaingia, akinichagulia majina ya mtoto.

Wewe ungemwambia?

Nauliza kwa sababu amesema kesho analeta njahi, yale maharagwe meusi ya kulisha mama mzazi, na mimi nishaosha vikombe vyote viwili, nimeviweka mezani.