Maji ya Barazani

Harufu ya ngozi mbichi ya ng'ombe hainichukizi hata leo. Wenzangu huziba pua wakipita karibu na machinjio. Mimi hupunguza mwendo. Harufu hiyo ndiyo iliyotupokea mimi na mama kila asubuhi tulipotoka Ngokolo na vibuyu vya maziwa, tukakata uchochoro nyuma ya maduka ya Wahindi mjini Shinyanga. Hapo palikuwa na kibanda cha mabati cha fundi viatu, Mhindi mwembamba tuliyemwita Fundi Ramji, aliyeishi humo na mkewe na binti yao Jamna. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Baba alikuwa Geita akichimba dhahabu ya Wazungu, na mama alitulisha kwa maziwa ya ng'ombe watatu. Nilikuwa na miaka kama kumi, Jamna vilevile, na kwa kuwa mama alipenda kupumzika pale kidogo, tukawa marafiki. Nilimletea michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, yeye alinionyesha herufi chache za kwao, alizochorewa na baba yake kwa chaki juu ya vipande vya ngozi.

Mwaka huo mvua zilitutupa. Visima vya Ngokolo vilibaki tope, na maji safi yalipatikana kwa Mhindi mwenye duka kubwa, aliyekuwa na kisima chenye pampu uani. Tulimpelekea maziwa mkewe, kwa hiyo nilikuwa nikimwona Mama Jamna amesimama nje ya lango na debe lake, akingoja. Mke wa mwenye duka hakumwacha ainame wala ashike pampu. Alimmiminia maji mwenyewe kutoka juu, kwa chombo cha shaba kinachong'aa, mpaka debe likajaa. Kisha akammiminia mengine viganjani anywe. Nilitazama kwa wivu. Kwetu Usukumani mgeni wa heshima hanawi mwenyewe: binti wa nyumba hupiga magoti akammiminia maji taratibu. Nikaona Mama Jamna ni mtu mkubwa sana kwa Wahindi wenzake, ila hajivuni tu. Nilimwambia Jamna hivyo, nikimsifia mama yake. Yeye akaendelea kula michembe.

Kitu kimoja tu Jamna alikitaka, nacho ni shule. Barua zilizotoka kwa bibi yake huko Bara Hindi alizisoma mwenye duka, kwa sauti, mbele ya wateja, maana fundi mwenyewe hakujua kusoma zaidi ya zile herufi chache. Bibi akiumwa, mtaa mzima ulijua kabla ya Mama Jamna. Akiomba msaada, watu walicheka. Jamna alitaka barua inayofuata aisome yeye, ndani ya kibanda, mlango ukiwa umefungwa. Mji wetu wakati huo ulikuwa umegawanywa kama nyama: Wazungu kwao, Wahindi kwao, sisi kwetu, hata vyoo vya stesheni. Shule ya Wahindi ilikuwa nyuma ya maduka, na karibu kila kiatu kilichoingia humo kilikuwa kimepita mikononi mwa Fundi Ramji. Akaenda kuwaomba wazee wa shule. Walimzungusha wiki nyingi, mwishowe wakakubali: binti atakaa barazani, nje ya mlango, juu ya gunia lake mwenyewe. Jamna alifurahi mno. Nami nilifurahi naye. Nilidhani darasa limejaa.

Mwalimu wa shule ile alinunua maziwa kwetu, na nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa uwanja. Asubuhi moja mama alinituma peke yangu. Jua lilikuwa limeshawaka vibaya, na nilipopita barazani nilimkuta Jamna kwenye gunia lake, midomo imemkauka, kopo lake la maji tupu. Hatua tatu kutoka hapo palikuwa na mtungi mkubwa wa maji wa wanafunzi, na kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu juu ya kifuniko. Nilimwuliza mbona hanywi. Akasema atakunywa nyumbani. Nilidhani anaona haya, kama mgeni anavyokataa chakula mara ya kwanza. Basi nikafanya kile ambacho mama alinifundisha kumfanyia mgeni. Nikachota, nikapiga magoti mbele yake, nikamshikisha kikombe kwa mikono miwili. Alikiangalia kikombe kile, akaniangalia mimi. Kiu ilimshinda. Akanywa mpaka mwisho.

Mtoto mmoja aliyekuwa dirishani akapiga kelele. Mwalimu akatoka, na darasa zima nyuma yake. Aliuliza kwa Kiswahili, akinitazama mimi, ni nani aliyegusa mtungi. Jamna akasimama.

"Nimechukua mwenyewe," akasema. "Huyu ameleta maziwa tu."

Mwalimu hakumpiga. Mpaka leo ningependa kusema alimpiga, ningepata pa kuiweka hasira yangu. Alimwita mtumishi, mtungi ukabebwa hadi uwanjani ukapasuliwa kwa jiwe, na maji yote yale, mwaka ule wa ukame, yakanywewa na vumbi. Kisha akakunja gunia la Jamna kwa ncha ya fimbo, akalisukuma hadi kwenye ngazi. Nami nilisimama pale na kibuyu changu, nikanyamaza.

Jioni fundi alimweleza mama mambo ambayo sisi hatukuyajua. Kwao, watu wanaoshika ngozi ya mnyama aliyekufa wana kisima chao kando, na wengine hawanywi walipogusa wao. Alivuka bahari ili akiache kisima kile. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa uchungu. Ngozi ya ng'ombe? Sisi tulizaliwa juu yake, tukalala juu yake, tukabebwa nayo mgongoni. Mama alikumbuka kwamba hata maziwa yetu mke wa mwenye duka aliyapokea vivyo hivyo, kwa chombo kilichowekwa chini, bila mikono kukutana. Nilikuwa nikiyaona hayo kila siku na sikuyaelewa.

Kesho yake mama alimshika Jamna mkono akampeleka shule yetu. Mwalimu wetu, Msukuma mwenzetu na mtu mpole, alikuna kichwa. Alisema sheria ya serikali haimruhusu kumwandika mtoto wa Kihindi, apelekwe kwao.

"Kwao ni wapi, Mwalimu?" mama akamwuliza. "Nionyeshe, nimpeleke."

Mwalimu akafunga daftari lake. Baada ya wiki chache fundi alifunga kibanda, wakapanda lori la kwenda Geita, kushona mabuti ya wachimbaji. Jamna aliniachia kipande cha ngozi chenye herufi tatu. Sikumwomba msamaha, na sikumwona tena.

Nimekuwa bibi sasa, na maji ya bomba yanafika mpaka jikoni kwa mwanangu hapahapa Ngokolo. Vyoo vya stesheni vya kugawa watu kwa rangi zao vilikwisha. Mtoto yeyote anaandikishwa shule. Tulishangilia sana, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mwezi uliopita nilimkuta dada wa kazi, binti mdogo kutoka Nkome, huko upande wa Geita, amechuchumaa nje ya mlango wa jikoni, akinywa chai katika kopo la plastiki lililopasuka. Ndani, vikombe vimejaa kabatini. Kopo hilo huwekwa peke yake, chini ya sinki, karibu na dawa ya kusafishia choo. Damu ilinipanda. Nilimwita mkwe wangu, mke wa mwanangu, nikauliza ni nani aliyempangia mtoto huyu kopo lake na mahali pake. Mkwe wangu akainamisha macho. Binti akasimama haraka.

"Nimechagua mwenyewe, bibi," akasema.

Safari hii sikunyamaza. Nilichukua kikombe changu kabatini, nikakijaza chai, nikapiga magoti kwa taabu, magoti yenyewe ndiyo haya mabovu, nikampa kwa mikono miwili mbele ya mama mwenye nyumba. Binti hakukipokea. Alimtazama mkwe wangu kwanza, kuona kama ataruhusiwa.