Provia na Okestra ya Mpakani

Provia Aboth alizaliwa Kisoko, kijiji cha Tororo nchini Uganda, mtoto wa pekee wa katekista. Alipokuwa na miaka kumi na minne, mwalimu wa kwaya alishikwa na malaria Jumapili ya Matawi, na waimbaji wakabaki wakitazamana. Provia akatoka kwenye safu ya wasichana, akasimama mbele yao, akainua mikono. Baba yake alimkunjia uso mpaka wimbo ulipoanza. Ulipokwisha, mzee alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa shati.

Huko sekondari Tororo sista mmoja alimfundisha fidla. Kampala akasomea muziki, kisha akapata nafasi Ujerumani, katika jumba la opera la mji mdogo. Alikuwa msaidizi wa mwongozaji. Kazi yake ilikuwa kuwanoa waimbaji mazoezini, na siku ya onyesho kusimama nyuma ya pazia akiwaongoza wale wanaotakiwa kusikika kama watu walio mbali. Kwa miaka minne hakuna mtazamaji hata mmoja aliyemwona uso. Mkuu wake alimwambia avumilie, zamu yake itafika.

Ikafika kweli. Alipewa opera nzima aiongoze mwezi wa kumi. Wiki hiyohiyo ikaja simu kutoka Kisoko: baba alikwisha kufa zamani, na sasa mama amepooza upande mmoja.

"Ukiondoka sasa, nafasi haitakungoja," mkuu wake alimwambia.

"Na mama yangu, yeye atangoja?" Provia akajibu, akafunga sanduku.

Akapata kazi ya ualimu Busia, mji wa mpakani, upande wa Uganda, akamchukua mama yake wakaishi pamoja. Alimwogesha, akamlisha uji kwa kijiko, na Jumamosi alasiri akampeleka kwa jirani ili yeye aende kwenye ukumbi wa kanisa. Maana alikuwa ameanzisha okestra. Watu walimcheka. Okestra Busia, mji wa malori na magunia? Lakini walikuja. Arthur, wakala wa forodha upande wa Kenya, alikuwa na fidla aliyoachiwa na mjomba wake. Wapiga tarumbeta wawili walikuwa polisi wastaafu. Wengine walikuwa walimu, mafundi, na mshonaji mmoja wa mtaa wa Sofia. Wakafika ishirini na sita, nusu Waganda, nusu Wakenya.

Na alikuja Maloba. Huyu alikuwa Msamia wa upande wa Kenya, muuza samaki sokoni pamoja na mkewe Annet. Hakujua kusoma noti hata moja, lakini alipofungua kinywa, madirisha ya ukumbi yalitetemeka. Provia alimfundisha mstari kwa mstari, kwa masikio tu. Walizoeana hata Maloba akawa anamwita dada, naye akamwita ndugu yangu. Mama yake Provia alipofariki, ni Maloba aliyeimba kaburini Kisoko, kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao Provia, alichokariri kwa siku mbili.

Baada ya msiba huo Provia akaanza kuandika opera yake mwenyewe. Ilihusu mume na mke ambao siku moja wanaletewa jiwe la mpaka, likapandwa katikati ya ua wao: jiko likabaki nchi moja, kitanda nchi nyingine. Sehemu ya mume aliiandika kwa koo la Maloba, si la mtu mwingine. Walifanya mazoezi karibu miaka miwili. Onyesho likapangwa wiki baada ya Pasaka, mwaka elfu mbili na ishirini.

Mwezi wa tatu ugonjwa wa korona ukafika, na mpaka ukafungwa. Malori yakaruhusiwa kupita, watu wakakatazwa. Nyumba ya Maloba ilikuwa mwendo wa dakika kumi kutoka kwa Provia, lakini ikawa mbali kuliko Ujerumani. Kila jioni walipigiana simu, Maloba akamwimbia sehemu zake ili zisimtoke.

Jioni moja mwezi wa sita Provia alipopiga, simu ilipokelewa na Annet.

"Dada Provia, Maloba ameanguka sokoni. Ni kiharusi."

Siku ya tatu akafa.

Provia alitembea hadi mpakani na gauni lake jeusi. Askari kijana wa Uganda akamzuia.

"Mama, mpaka imefungwa."

"Najua. Mimi nakwenda kuzika ndugu yangu. Iko hapo tu."

"Ndugu wa tumbo moja?"

Provia angeweza kudanganya. "Hapana," akasema.

"Basi rudi, mama. Pole sana."

Mazishi yaliruhusiwa watu kumi na tano tu. Okestra wa upande wa Kenya wakapata nafasi sita. Arthur akaweka simu juu ya kiti mbele yao, uso wa Provia ukaonekana, ili awaongoze kutoka chumbani kwake. Akainua mkono. Wakaanza. Lakini simu ilichelewesha: yeye aliona pigo lake likijibiwa baada ya sekunde nzima, akaharakisha kuwavuta, wao wakakimbia, tarumbeta ikaachana na fidla. Wimbo ukavunjika mbele ya jeneza. Wakaanza tena, ukavunjika tena.

"Madam, tufanyeje?" Arthur akauliza.

Provia alitazama nyuso zao ndogo kwenye kioo. "Waongoze wewe," akasema. "Mimi nitasikiliza."

Akashusha mkono. Arthur aliwaongoza kwa kichwa na upinde wa fidla, na safari hii wimbo ulifika mwisho.

Mpaka ulipofunguliwa, Provia alivuka akawakuta katika ukumbi mmoja upande wa Kenya, wakifanya mazoezi chini ya Arthur. Arthur akampisha mara moja. "Madam, mahali pako hapa."

Alisimama. Sehemu ya mume ilikuwa imepewa Okwi, fundi wa baiskeli kutoka Tororo aliyekuwa amekwama upande wa Kenya tangu mpaka ufungwe. Walipofika pale mume anapoligusa jiwe kwa mara ya kwanza, Okwi akaimba, na Provia akasahau kumwonyesha mpiga tromboni aingie. Hakuna aliyeingia. Mikono yake ilikuwa juu, haijui iende wapi.

"Nimekosea, madam?" Okwi akauliza.

"Hapana, baba. Wewe umeimba vizuri."

Wiki iliyofuata alimpa Arthur kitabu chote cha noti, akarudi shuleni kwake. Hakuongoza tena.

Opera ilionyeshwa mwaka elfu mbili na ishirini na tatu. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama mlangoni. Provia alikaa safu ya nne karibu na Annet, ambaye hakuwahi kufika mazoezini hata mara moja, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku ya soko na mtu mmoja lazima abaki na samaki. Okwi alipoimba mbele ya lile jiwe, Annet alimshika Provia mkono.

"Maloba aliimba hivi?" akanong'ona.

"Hapana," Provia akasema. "Yeye alikuwa akichelewa kidogo hapa. Kila mara. Na mimi nilikuwa namngoja."