Sikuleta Kilo, Nimeleta Tumbo

Nilimfukuza Kaswera kwenye mstari mara tatu. Nalisema mapema, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa sababu hapa Bunia watu wakinikuta njiani wananishukuru. Mama Bibiane wa kilo, wananiita, uliokoa watoto wetu kule kambini, Mungu akulipe. Asinilipe! Akinilipa kwa haki, nitakoma.

Kaswera alikuwa mtu wa Butembo. Alifika huku na mume wake Katsuva kabla ya vita, wakapata nyumba ya mabati mtaa wa Rwambuzi, ya pili kutoka kwangu. Katsuva alipeleka sabuni na chumvi machimboni, mahali panapoitwa Kilo, kwa wachimba dhahabu, na Kaswera alikaanga mandazi mlangoni. Alikuwa na maneno huyo mwanamke, na kicheko cha kuangusha kitambaa cha kichwa. Mtoto walikuwa naye mmoja tu, Tina, na Tina alikuwa mnene kweli: mashavu yamejaa, mikono ina mikunjo. Watoto wa mtaa walimwita Pipa. Kaswera aliwajibu kutoka kwenye karai lake, "Mukaambie bamama yenu bapike!" Kwake unene wa mtoto ulikuwa heshima ya baba. Kila aliyemwona Tina alijua kwamba Katsuva anafanya kazi.

Mwaka 2002 Katsuva alikwenda Kilo na baiskeli na katoni sita za sabuni, hakurudi. Hakuna aliyetuletea hata kofia yake. Na hapo ndipo tumbo la Tina lilipoanza.

Asubuhi lilimkata, akakimbia chooni mara tatu, mara nne. Akitoka chooni, anapata nafuu. Kisha siku tatu nzima hapati choo, tumbo limejaa hewa, mtoto amejikunja kitandani analia. Risasi zikisikika upande wa kilimani, linaanza upya. Sote tulisema ni minyoo. Akanywa dawa ya minyoo, akarudia, wapi! Basi tukampiga bomba. Huku kwetu ndiyo desturi, mtoto akilalamika tumbo: maji ya majani na pilipili kidogo, yanapitishwa nyuma kwa pampu ndogo ya mpira. Mimi ndiye niliyemshika miguu, mama yake akisukuma dawa. Tina alilia hadi sauti ikaisha, na juma lile tumbo lilimtesa kuliko majuma yote.

Mwezi wa tano 2003 mji ukawaka. Tulitoka Rwambuzi na nguo za mwilini tu, tukaishia kambini karibu na uwanja wa ndege, watu kumi chini ya turubai moja, matope hadi kwenye vifundo. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, najua tarakimu, kwa hiyo shirika lililokuja kupima watoto likanichukua kazini. Wakanipa kizibao cheupe. Ee, nilijiona! Ndala zimekatika, kizibao kinang'aa, na mdomo umepanda.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila Alhamisi akina mama wanapanga mstari. Mtoto anavalishwa kaptula ya kitambaa inayoning'inia kwenye mizani, nasoma kilo. Anasimamishwa kwenye ubao, nasoma urefu. Naangalia jedwali. Akiwa chini ya kiwango, namfunga bangili ya plastiki, anaingia nyuma ya pazia. Nyuma ya pazia kulikuwa na maziwa, siagi ya karanga, na munganga Floribert, daktari mmoja peke yake kwa watoto wa kambi nzima. Akiwa juu ya kiwango, anarudi kwao. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mji, na barabara ilikuwa mali ya wenye bunduki. Kwa hiyo mlango wa kumfikia munganga ulikuwa mmoja tu, na mlango huo nilikuwa mimi.

Alhamisi ya kwanza Kaswera alikuja amembeba Tina mgongoni, mtoto wa miaka sita. Nilipomning'iniza, mshale ulikwenda hadi mwisho wa mizani, ishirini na tano, ukakwama. Mstari mzima uliangua kicheko.

"Mama Tina," nilisema, "huyu anavunja mizani ya batu. Umurudishe."

"Sikuleta kilo, Bibiane. Nimeleta tumbo. Tangu jana hajanyooka."

"Hapa tunapima kilo."

Nyuma yao alikuwapo Hélène, mwanamke aliyekimbia kutoka Fataki, na mtoto mkavu mgongoni. Huyo hakuwa na siri. "Anakula nini huyo?" alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Nani anamuletea usiku?" Maana yake ilieleweka. Kambini, mwenye mtoto mnene ni mwenye rafiki wa bunduki, au ndivyo ilivyosemwa. Kaswera, yule wa kujibu mtaa mzima kutoka kwenye karai, aliokota tu kitambaa cha kubebea. Alimfunga mtoto mgongoni akaondoka.

Alhamisi ya pili alirudi, nikamfukuza. Ya tatu alirudi tena. Jua lilikuwa kali, nilikuwa nimepima watoto mia na kitu, na wawili kati yao nilijua hawatafika Jumapili. Nilichoka, nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilimwangukia yeye.

"Mama Tina, weye unanichokesha! Humu banaingia bale benye kukonda. Mukondeshe kwanza, ndiyo umulete!"

Watu walicheka, nami nikacheka nao. Tina alinitazama kutoka mgongoni kwa mama yake, mkono umeshika tumbo. Natamani ningejing'ata ulimi siku ile.

Kwa sababu Kaswera hakucheka. Alinisikiliza kama mtu anayeambiwa masharti ya ofisi: lete hiki, lete kile, ndipo upate muhuri. Sisi watu wa hapa tumezoea hivyo. Hata cheti cha kuzaliwa unatumwa mara nne, na mwenye kizibao akisema kitu, unakwenda kukitafuta. Alikwenda kukitafuta.

Bugali na maharage ya Tina alianza kumpelekea mtoto wa Hélène. Ndiyo, Hélène yuleyule. Alimwambia tu kwamba Tina hana hamu ya kula. Tina mwenyewe alibaki na chai kavu na vipande viwili vya muhogo. Na jambo baya kuliko yote, siku asizokula, tumbo lilimkata kidogo kuliko zamani. Kaswera akaona kumbe ndiyo njia yenyewe. Mtoto naye akakubali. "Vumilia," mama alimwambia, "tunaenda kwa munganga." Haya yote nilikuja kuyajua baadaye, kwa kinywa chake.

Mimi nilikuwa naandika tu. Ishirini na tatu. Ishirini na moja. Kumi na tisa na nusu. Sijui ni wiki ngapi nilimwambia "bado" bila kuinua macho kwenye daftari. Nilidhani ni njaa ya kambi, kama ya wote. Uongo! Sikudhani kitu. Akina mama wa mstari walianza kumpisha Kaswera, wakamwambia pole, mama Tina, pole sana. Habari za mtu wa usiku zikafa zenyewe. Mtoto alipokuwa na mashavu, mama alikuwa malaya. Mashavu yalipokwisha, akawa dada yetu. Nikikumbuka, nataka kutema mate.

Alhamisi moja ya mwezi wa nane, katikati ya mvua, mshale ulisimama kwenye kumi na tano na gramu mia nane. Nikaangalia jedwali. Nikachukua bangili nikamfunga Tina mkononi, ikawa inazunguka.

Kaswera alicheka. Kile kicheko cha Rwambuzi, sikuwa nimekisikia tangu Katsuva aondoke. "Tumefika, Tina! Tumefika, mama yangu!"

Niliweka kalamu chini. "Kaswera. Umemufanya nini huyu mutoto?"

Alinitazama kwa mshangao, bila ubaya wowote. "Vile ulisema."

Nyuma ya pazia walimpa Tina maziwa. Maziwa yakamkata tumbo vibaya, akahara usiku kucha. Kaswera akasema, munganga, ni lile tumbo la tangu mwaka jana. Floribert, naye amezungukwa na watoto arobaini, akajibu, hapana mama, ni njaa, wote banakuwa hivi. Kwenye kadi ya Tina palikuwa pameandikwa kilo tu. Mimi ndiye niliyeijaza.

Nilivumilia siku tatu. Siku ya nne nikaingia nikamwambia munganga kila kitu, hata kicheko changu. Hakunigombeza, na ningefurahi kama angenigombeza. Alivuta kreti, akakaa mbele ya Kaswera, akauliza. Maumivu yalianza lini? Akitoka chooni anapata nafuu? Leo anahara, kesho anafunga? Choo kina damu? Hapana. Na baba yake yuko wapi? Kaswera alijibu moja baada ya jingine, kwa haraka, kama mwanafunzi aliyekaririshwa somo akakosa mwaka mzima mtu wa kumuuliza.

"Mama," Floribert alisema, "hii tumbo naijua. Haina kidonda, haina mududu. Matumbo yake ni yenye kushituka mbio, na woga unayachokoza. Mutoto munene anapata, mwembamba anapata. Bomba, muache kabisa, inaongeza. Umupe chakula kidogo kidogo, saa ileile kila siku. Umukande na kitambaa cha moto. Ulale karibu yake. Inatesa sana, lakini haiue mutoto."

Maneno hayo yote hayakumaliza dakika tano. Mimi kupima watoto wawili na kuwaandika, natumia zaidi.

Kaswera alimvuta Tina karibu. Kisha akauliza, "Ile siku alikuwa munene, ungeniambia vile?"

"Ndiyo, mama. Vilevile."

Hakunitukana. Aligeuka tu, akanitazama, kisha akarudisha uso kwa mtoto. Akachovya kitambaa kwenye maji ya moto, akakikamua, akamwekea Tina tumboni.

Tina alipumzika siku mbili. Tumbo lilitulia kweli, akaomba ndizi. Kisha mvua ikapita chini ya turubai, kikohozi kikamshika, na mwili haukuwa na kitu cha kupigania. Alikufa Jumanne ya juma lililofuata, kwa kifua. Munganga alisema kweli, lile tumbo haliui mtoto, na kweli halikumuua.

Alhamisi nilikuwa kwenye mizani yangu kama kawaida. Bangili na kikombe ilikuwa lazima virudishwe, ili apewe mtoto mwingine. Nikainua macho, nikamwona Kaswera kwenye mstari, wa thelathini hivi kutoka mbele, katikati ya akina mama wenye watoto mgongoni. Mgongo wake ulikuwa mtupu. Nikatoka mbio.

"Mama Tina, weye usipange mustari. Leta tu, mama, leta."

"Niko na zamu yangu," alisema.

Akasubiri. Nilipima watoto ishirini na tisa. Mtoto wa Hélène, mbele yake, alikuwa amenenepa, nikamwambia Hélène asirudi tena, mtoto amepona. Hélène alitazama chini. Kisha ikafika zamu ya Kaswera. Akaweka kikombe mezani, akaweka bangili ndani ya kikombe.

"Sasa andika," alisema.

"Niandike nini?"

"Tumbo. Ndiyo ile nilileta."

Nikafungua daftari kwenye jina la Tina. Kulikuwa na sehemu ya miaka, sehemu ya kilo na sehemu ya urefu. Nilitafuta pa kuandika tumbo, Kaswera amesimama ananingoja, na mahali hapakuwapo.