Nusu ya Gatwekera, Nusu ya Kawangware

Juzi binamu yangu alinipigia simu kutoka Kawangware. Hatukuwa tumezungumza tangu mazishi ya mamake, kwa hivyo nilipoona jina lake nilikaa chini kwanza, maana kwetu simu ya ghafla huwa ya msiba. Haikuwa msiba. "Dada, ile Biblia ya akina Nyanya, nusu yako bado uko nayo?" Nikamwambia iko. "Basi usiitupe. Nimepata mzee mmoja ananunua vitu vya zamani. Anaitaka, lakini anaitaka yote. Nusu haimsaidii. Ako na fundi wa kuishona ikuwe kitabu kimoja."

Nilimwambia anipe mpaka Jumamosi. Namwelewa. Binti yake anaingia chuo, na karatasi kuukuu zilizolala sandukuni hazijawahi kumlipia mtu karo. Lakini nilipokata simu niliitoa ile nusu yangu chini ya mablanketi, nikainusa. Bado ina harufu ya moshi na mafuta ya taa, na harufu hiyo, rafiki yangu, ilinirudisha mbali kuliko nilivyotaka kwenda.

Wacha nikueleze kwanza jinsi Biblia moja ilivyogeuka mbili. Baba yake Nyanya alikuwa mwalimu wa kanisa huko Maragoli, na katika nyumba yake yote kitu cha maana kilikuwa Biblia ya Kimaragoli, nene, jalada jeusi. Mabinti zake wawili walipoitwa Nairobi na waume zao, kila mmoja aliitaka. Wakagombana wiki nzima. Siku ya safari mzee akaiweka juu ya gogo la kupasulia kuni, akachukua panga, akaipasua mgongoni. Mfalme Sulemani alitishia tu. Babu yetu alikata kweli. Panga liliangukia katikati ya kitabu cha Isaya, katikati ya sentensi. Nyanya, kwa kuwa ndiye mkubwa, akapewa jalada la mbele na sehemu iliyo nene. Mdogo wake akapewa jalada la nyuma na kilichobaki.

Ndipo nusu moja ikaishi Kibera, Gatwekera, katika chumba chetu cha udongo na mabati, na nyingine ikaishi Kawangware kwa Nyanya Mdogo. Nililelewa na Nyanya miaka ile ya sabini, nami nilikua nikiamini kila familia ina Mungu wa aina yake. Kwetu dunia iliumbwa, gharika ikaja, wafalme wakauana wakaisha, lakini mtoto Yesu hakuzaliwa kamwe. Yesu alikuwa Kawangware. Kumfikia, ilibidi tutembee.

Jumamosi jioni Nyanya alichambua mboga za mrenda na kunde, tunazoziita likhubi, mlangoni ili kesho tusiende mikono mitupu. Mimi nilitumwa maji, kisha nikapiga pasi nguo zake nyeupe kwa pasi ya makaa, nikiogopa cheche kuliko nilivyoogopa shetani. Asubuhi aliifunga ile nusu kwa leso, akaibeba kifuani jinsi mtu anavyobeba mtoto aliyelala. Tukapanda kutoka Gatwekera, tukavuka reli, tukapita kando ya nyumba za mawe za Ayany ambazo mimi nilizitazama kama mtu anayetazama keki ya mwingine, tukatokea Barabara ya Ngong. Kwa mbali ngoma za makanisa zilikuwa zikianza. Tulifuata barabara hadi Dagoretti Corner, tukakata kuelekea Kawangware, ambako siku hizo bado ungekutana na ng'ombe njiani na nduma zikimea kando ya mto.

Na sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Tukifika kwenye mlango wa Nyanya Mdogo, Nyanya hakubisha hodi. Hakusema hata "mirembe", salamu ya kwetu. Alisimama wima, akashusha pumzi, akasema yale maneno ya mwisho ya ukurasa wake wa mwisho, ile nusu sentensi ya Isaya. Kisha akanyamaza. Kutoka ndani sauti ya Nyanya Mdogo ilikuja na maneno ya kwanza ya ukurasa wake wa kwanza, akaimalizia ile sentensi, na kufikia neno la mwisho komeo lilikuwa limeshafunguka. Akija yeye Kibera ilikuwa vivyo hivyo: aligonga bati, Nyanya akaanza maneno akiwa ndani, mdogo wake akamalizia akiwa nje, akaingia. Maneno yenyewe sitayaandika hapa. Yalikuwa yao, na mimi ni mchoyo.

Mlango ukifunguliwa, kulikuwa na chai ya maziwa yenye sukari ya kukwaruza meno, na maharagwe, na kicheko. Sijui wazee hawa wawili walichekea nini. Walisoma kwa zamu, kidole kikifuata mstari polepole, mmoja akisoma alichokosa kwake wiki nzima. Nyanya alisikiliza habari za Yesu kama mtu anayesikiliza barua ya mwanawe aliye ng'ambo. Nyanya Mdogo naye hakuwa na Zaburi, na hilo lilimuuma hasa mtu akifariki. Nakumbuka mwenye ploti yao alipofiwa na mumewe, Nyanya Mdogo alituma mtu hadi Gatwekera mbio, si kuomba mchango, bali kuomba Zaburi. Nyanya aliacha ugali jikoni ukiwa haujaiva.

Binamu yangu na mimi tulikuwa na umri mmoja, miaka tisa hivi, na tulijiona tuna akili kuliko wote. Krismasi moja, wazee wakiwa wamekwenda kutoa pole kwa jirani, tulikaa na zile nusu mbili mbele yetu mezani na tukawahurumia. Watu wazima, watu wa Mungu, kutembea jua kali na kitabu kilichovunjika! Shuleni daftari likichanika, tulijua dawa. Kulikuwa na unga wa ngano uliobaki kwenye chapati. Binamu akawasha stovu, mimi nikakoroga, tukapika uji mzito, tukaupaka mgongoni mwa nusu zote mbili, tukazibananisha, kisha tukazikalia kwa zamu. Tulizikalia hadi makalio yakafa ganzi. Zilipokauka zilikuwa kitabu kimoja, chenye kibyongo kidogo, lakini kimoja. Tukakiweka katikati ya meza na maua kando yake.

Wazee waliporudi tulisimama tukingoja kusifiwa. Nyanya Mdogo alikiona, akaweka mkono mdomoni, na machozi yakamtoka. Tukadhani ni ya furaha. Nyanya aliingia jikoni akatoka na kisu cha kukatia sukuma wiki, akaketi, akapapasa mgongo wa kile kitabu mpaka akaupata mshono wetu, akakikata tena, taratibu, bila kuharibu hata herufi. Ndipo akatutazama. "Mwenye chote hatembei," akasema. "Mkishakiunganisha kitalala kwa nani? Na yule mwingine atajiwa na nani?" Nikajibu kwamba kingekaa kwa zamu, wiki Kibera wiki Kawangware. Akacheka. "Mwezi wa kwanza, ndiyo. Wa pili mvua itanyesha. Wa tatu utasikia, aa, si kiko salama huko."

Hakutuchapa. Lakini nilijisikia nimechapwa, na njia nzima ya kurudi nilitembea nyuma yake nikitazama visigino vyake. Sikuelewa aliyoyasema. Leo nayaelewa kiasi cha kukosa usingizi.

Miaka ikapita, nikaanza kazi, na Nyanya akafa akiwa kule kule Gatwekera. Tulimsafirisha nyumbani. Nyanya Mdogo alisimama kando ya jeneza amebeba nusu yake. Watu walidhani amesahau la kusema, pasta akakohoa kumharakisha. Hakuwa amesahau. Alikuwa anangoja. Alipoona hakuna anayeanza, aliyasema maneno yake peke yake, sentensi isiyo na kichwa, akaenda kuketi. Mimi pekee, nadhani, nilijua anamfungulia dada yake mlango. Na yeye hakukaa sana, akamfuata. Nusu ya Nyanya ilikuwa imebaki kwangu. Nusu yake ikamwendea bintiye, na sasa iko kwa binamu yangu.

Jumamosi ilifika. Niliitia nusu yangu kwenye kiondo, imefungwa leso, na kwa ukaidi tu nikatembea. Siku hizi naishi Ayany, katika zile nyumba za mawe nilizozitamani, na nikuambie, keki ya mwingine ikishakuwa yako ni mkate tu. Magoti yanalia. Kawangware hakuna ng'ombe, nduma hakuna, ni maghorofa yamebanana hadi nguo za huyu zinamdondokea yule. Nilipanda hadi orofa ya tatu. Nilikuwa nimeazimia kuuza, sitakudanganya, mtoto asome. Lakini nilipofika mlangoni mkono ulikataa kubonyeza kengele. Nikasimama wima, nikashusha pumzi, nikayasema maneno ya Nyanya. Nikanyamaza.

Mlango ukafunguliwa. "Karibu dada," binamu akasema, akichungulia huku na huku. "Ulikuwa unaongea na nani?"

Tulikunywa chai. Akaitoa nusu yake kwenye mfuko wa plastiki, tukaziweka pamoja mezani kama zamani. Mgongoni madoa ya uji wetu yamekuwa ya manjano. Mende waliupenda sana ule uji. Walikula njia hadi ndani, na ukurasa wa kwanza wa nusu yake una tundu kubwa juu kabisa, mahali hasa palipokuwa na jibu. "Ule uji!" binamu akacheka hadi akashika mbavu. "Na vile tulikalia kitabu ya Mungu!" Nilicheka pia. Kisha nikamuuliza kama anakumbuka wazee walikuwa wakisemezana nini mlangoni. Akafikiria. "Si walikuwa wanaomba tu?"

Ndipo nilipojua kwamba siuzi. Nikamwambia. Uso wake ulibadilika. "Dada, yako peke yake si kitu. Na yangu peke yake si kitu."

"Najua," nikasema. "Ndiyo sababu."

"Sababu gani? Mimi kama nataka kusoma, si iko yote kwa simu? Watoto wetu hata hiyo Kimaragoli hawasikii. Umenikalisha Jumamosi mzima, mzee wa watu yuko njiani." Alikuwa na haki. Nilimwambia karo ya msichana tutaichanga kama tulivyochanga mazishi, nami nitaanza. Akampigia yule mzee asijisumbue kuja. Kabla sijatoka nilimwambia ile sentensi yote, mwanzo wa Nyanya yangu na jibu la Nyanya yake, kwa kuwa kwenye karatasi yake jibu halipo tena. Nikamwomba arudie. Alikuwa akikunja ule mfuko wa plastiki, akiukunja na kuukunja. "Sawa, dada," akasema. "Nimesikia." Hakurudia.

Mchango wa karo nimeupeleka kwa simu, naye akanitumia neno la asante. Hajaja. Simlaumu, hata mimi njia ile ilinishinda miaka mingapi. Namkumbuka Nyanya na visigino vyake, namkumbuka mdogo wake na sukari yake, na siku nyingine nawaza kwamba pengine nimeshikilia karatasi tu, na kwamba mzee yule na fundi wake wangezitunza vizuri kuliko mimi.

Hata hivyo mlango wangu ukigongwa siku hizi siulizi ni nani. Nayasema maneno ya Nyanya kutoka ndani, kwa sauti, kisha nangoja. Wiki iliyopita alikuwa kijana wa kusoma mita ya maji. Akasema, "Amina, mathe," akaniomba nimfungulie. Nilimfungulia, na alipokuwa akipita nilichungulia njia nyuma yake, pengine kuna mtu anakuja amebeba kitu kilichofungwa kwa leso.