Bustani Isiyohitaji Maji

Ukulima wa bustani nimejifunza mwenyewe, kwa daftari na wasiwasi. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ua wa Bi Zuhura, hapa Mji wa Kale, unaochomwa na jua kutwa na kisima chake ni cha maji ya chumvi. Binti yake alikuwa anaolewa.

"Nitakusifia kwa jamaa wote, mwanangu," aliniahidi, "bora nipate mimea isiyokufa."

Nikazunguka kisiwa kizima nikitafuta mimea inayostawi bila kumwagiliwa. Niliipata makaburini. Kulikuwa na shubiri nene, maua madogo ya rangi ya waridi, na majani yanayotambaa mpaka yakafunika ardhi. Mlinzi akaniruhusu kuchukua miche, nami nikajiona hodari.

Nilitengeneza matuta matatu marefu, membamba, nikayapima kwa kamba mara nne ili yalingane. Nikayazungushia mawe meupe, na kichwani mwa kila tuta nikapanda shubiri. Hata hapo sikuona kitu.

Siku ya arusi ua ulijaa wageni. Mama yake Bi Zuhura, bibi kizee mwenye macho yaliyofifia, akaletwa ameshikwa mkono. Alipofika mlangoni akasimama, akayatazama matuta yangu, akainua mikono.

"Asalamu aleikum, enyi watu wa makaburini."

Vigelegele vikakatika. Akamgeukia bintiye kwa uchungu.

"Zuhura, wamekufa watatu nami sikuambiwa?"

Bi Zuhura alikuwa ananitazama mimi.