Chaki Imekosea: Kutoka Gumbaru ya Garsen hadi Kihispania cha Rehema

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuza darasa zima bila kushika fimbo. Nilikuwa mwalimu mpya wa gumbaru, yaani elimu ya watu wazima, hapa hapa Garsen. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, viatu vya kuazima, na sauti niliyodhani ni ya mamlaka. Nikamwita mama mmoja ubaoni aandike neno "maziwa". Akakosea. Nami nikamgeukia kijana mmoja aliyekaa nyuma nikamwambia, "Wewe, njoo umsahihishe huyu."

Kijana akatazama vidole vya miguu yake. Nikarudia, safari hii kwa ukali. Akainuka, akatoka nje, akaenda zake. Yule mama akavuta mtandio usoni, naye akatoka, akashika njia nyingine. Wengine wakafuata mmoja mmoja, hadi nikabaki mimi na ubao tukitazamana.

Yule mama alikuwa mama mkwe wa yule kijana.

Ningekuwa mgeni kutoka bara ningesamehewa. Lakini mimi ni Mpokomo wa kijiji cha Wema, na mume wangu hakuwahi kula mbele ya mama yangu hadi mama akafariki. Nilijua vizuri kwamba mtu hamkosoi mkwewe, tena mbele za watu. Chaki tu ilinipanda kichwani.

Afisa wa Elimu ya Watu Wazima wa Wilaya alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Umefundisha nini leo?"

"Neno maziwa, bwana."

"Hapana. Umewafundisha kwamba shule ni mahali pa kuvuliwa nguo." Kisha akalainika. "Mwanangu, darasani kwako asikosee mtu. Ikosee chaki."

Akanifafanulia mbinu yake. Mtu akikosea ubaoni, mwalimu husema, "Chaki imekosea," anaipokea, na kumkabidhi mwingine. Anayefuata huirekebisha chaki, hamrekebishi mtu. Yeye mwenyewe akaenda na majani ya chai na sukari kumwomba radhi yule mama. Darasa likarudi. Tangu hapo, Garsen ilikuwa na chaki zenye makosa mengi kuliko mji wowote, na wanafunzi wasio na kosa hata moja.

Kumbukeni kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Napenda birika langu, jamvi langu na mlango ninaoujua unavyolia. Serikali ilipogundua hilo, ikanihamishia Bangale. Nililia njia nzima, na kwa barabara ile nilikuwa na muda wa kutosha kulia.

Bangale hakukuwa na darasa la kukaa. Wanafunzi walikuwa wafugaji, wakija mifugo inapokunywa maji na kuondoka ikishashiba. Nilikuwa nimebeba kitabu cha kwanza cha kisomo, chenye picha ya mtu anayepanda mnazi. Katika Bangale nzima hapakuwa na mnazi. Msimamizi wa Elimu wa Tarafa akakifungua, akakifunga, akanipa chupa tupu ya dawa ya mbuzi. "Waanzishe hapa," akasema. "Mwalimu, mtu hasomi lugha. Anasoma haja yake." Neno lililoandikwa kwenye chupa likawa neno letu la msingi. Neno la msingi ni lile unalolivunja katika silabi, kisha kwa silabi zile ukajenga maneno mengine. Wazee walioshindwa na mnazi walisoma chupa ile kabla mbuzi hawajamaliza chupa ya pili.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Ozi. Mto ulifurika, vitabu vikaloa, kikabaki kimoja. Mkuu wa kituo, mama mkali ambaye hata mbu walimwogopa, alikichanachana mbele ya macho yangu akampa kila mwanafunzi ukurasa wake aende nao nyumbani. "Aliyelala na ukurasa aamke mwalimu," akatangaza. Kesho yake kila mmoja alifundisha ukurasa wake. Sijaona darasa lililosoma kwa bidii kama lile, maana hakuna mtu mzima anayependa kusimama mbele ya majirani bila la kusema.

Nikastaafu, nikarudi Garsen kwenye birika langu. Niliapa kwamba sitamfundisha mtu tena, hata kuku.

Ndipo akaletwa mjukuu wangu, Rehema. Ana pumu. Katika shule ya bweni vumbi na moshi wa jikoni vilimlaza hospitalini mara mbili, mama yake akamtoa, akaja kusomea kwangu kwa vitabu na simu. Baba yake, mwanangu Komora, ni dereva huko Hola, na jambo hilo halikumwingia akilini.

"Mama, mtoto anayesoma nyumbani anasoma kulala," aliniambia. Kisha akamgeukia Rehema. "Chagua somo moja ambalo hapa nyumbani hakuna anayelijua. Ujifunze mwenyewe. Likizo ya Desemba ikiisha na huna kitu, unarudi bweni."

Rehema akachagua Kihispania. Nilidhani ni ujeuri wa umri wake, kumbe alikuwa na haja. Sista anayesimamia zahanati anakopata dawa zake ametoka Mexico, na Kiswahili chake bado kinatambaa. Rehema alikuwa amechoka kueleza kifua chake kwa vidole.

Pesa ya mwalimu haikuwepo, na bando ni ghali. Kwa hiyo tukaenda kwa njia za gumbaru. Mara moja kwa wiki alikwenda kituo cha vijana penye waifai ya bure, akapakua masomo ya sauti, akayasikiliza nyumbani bila bando. Simu yenyewe akaigeuza lugha, ikawa inazungumza Kihispania kitupu. Nilipotaka kupiga simu nikawa naomba mkalimani ndani ya nyumba yangu. Akabandika vikaratasi kwenye mlango, sufuria na birika. Sista akampa Agano Jipya kuukuu la Kihispania, akawa analisoma sambamba na la Kiswahili, kwani hadithi zile anazijua tangu shule ya Jumapili na hakuhitaji kamusi kumjua mwana mpotevu. Maneno ya msingi tuliyatoa kwenye kifua chake: pumzi, usiku, vumbi, maumivu.

Na kila jioni, kwa sheria ya Ozi, alinifundisha mimi alichojifunza.

Hapo tukakwama. Nilitamka vibaya kwa ukarimu mkubwa, naye aliitikia kwa kichwa tu, "Ndiyo Bibi, vizuri Bibi." Wiki zikapita, nikaona anatamka vibaya kama mimi. Nikambana. "Mke mwenzangu, nasema sawa au unanidanganya?"

Akainamisha uso. "Bibi, nitakukosoaje?"

Na zahanatini ilikuwa hivyohivyo. Kwa sista alikaa kimya, eti asimtie mkubwa taabu ya kumsahihisha hadi Kihispania kiwe safi. Desemba ilikuwa inabisha hodi, na mtoto anangojea usafi.

Nikatafuta kipande cha chaki katika vitu vyangu vya zamani, nikakiweka mbele yake. "Mimi sikosei," nikamwambia. "Hii ndiyo inayokosea. Isahihishe hii." Nikatamka neno la birika, nikampa chaki. Akacheka hadi nikaogopa kifua chake, kisha akaigombeza chaki ile. Alikuwa na mengi ya kuiambia, mengine nadhani yalikuwa yangu. Alhamisi akaenda nayo zahanatini, akamweleza sista mchezo wetu kwa Kiswahili. Sista akaipokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo wakawa wanarudishiana chaki, huyu kwa Kihispania chake, yule kwa Kiswahili chake.

Likizo ilipokaribia kwisha, Komora akaja na gari, akatupeleka zahanatini kupata hukumu. Rehema alitangulia, mikono imekumbatia kifua. Najua anavyoshika kifua akiugua na anavyokishika akiogopa. Siku ile sikuweza kutofautisha.

Sista akatoka chumbani mwake. Rehema akasimama kama tunavyosimama sisi, akaanza salamu kama tunavyosalimu sisi, ila kwa Kihispania. Ameamkaje? Amelalaje? *¿Cómo está su mamá?* Mama yake hajambo? Na ndugu zake? Na kwao mvua imenyesha? Alikwenda taratibu, akisimama njiani kutafuta neno, akirudi nyuma kulirekebisha. Sista alijibu la kwanza kwa tabasamu. Alipofika kwenye swali la mama yake akavuta kiti akaketi. Akaongea muda mrefu, na Rehema akasikiliza, akauliza tena, akapotea, akaomba arudiwe.

Komora akashindwa kuvumilia. "Sista, amefaulu au hakufaulu?"

Sista akafikiri kwa Kiswahili chake. "Kusema, bado. Nusu mimi sielewi. Lakini mama yangu ni mgonjwa, na hapa watu hawajui. Leo huyu anajua."

Komora akatazama nje, akazungusha funguo za gari kidoleni. "Basi akae muhula huu," akasema. "Mmoja. Halafu tutaona."

Muhula mmoja si ushindi, na sikupiga vigelegele. Nimefundisha maisha yangu yote, na sijui mwanafunzi aliyemaliza lugha. Yule mama wa maziwa alisoma barua yake ya kwanza baada ya mwaka mzima, na ilikuwa ya mkopo. Nyinyi mnaojisomea nyumbani na simu iliyopasuka kioo, msingoje kuwa safi. Tafuteni haja yenu, kisha tafuteni mtu mmoja wa kukosea mbele yake bila kuvuliwa nguo. Hayo mengine yanapatikana bure. Mimi nimeshika maneno kama kumi hivi, yote ya jikoni, na siko tayari kufanyiwa mtihani.

Tulipofika nyumbani, jirani yangu Halako, Muorma anayeniletea maziwa, alikuwa ameketi kibarazani akitungoja. Komora akashuka garini, akampita. "Atasoma hapa muhula mmoja tu," akasema, akiwa tayari amefika mlangoni.

Halako akamtazama mgongo, akaweka kibuyu chini.

"Komora, mpunga wa baba yako wote ulikwenda kwenye karo yako ya bweni, na mpaka leo wewe kusalimu hujui. Mwache mtoto."